Tope Tulilozika Mikokoni

Kabla sijawaambia lolote, vueni viatu. Sifanyi mzaha. Mtu wa afya ambaye hajawahi kuzama topeni mpaka mapajani hawezi kuielewa kazi hii kwa kusoma. Mimi siku yangu ya kwanza pale Mikokoni nilizama nikiwa nimevaa viatu vya kamba na soksi nyeupe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja, nimepewa baiskeli ya serikali, na nilidhani tope ni udongo uliolowa tu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Kando ya kijito walikuwapo kina mama kama wanane wakichimba kombe, wale chaza wa topeni. Walinitazama nikihangaika, nikinyanyua mguu huu, ule unazidi kwenda chini. Mwishowe mmoja wao, mwanamke mrefu aliyejifunga kibwebwe, akasema bila kuinua kichwa chake:

"Bwana Afya, lala."

"Nilale?"

"Lala kwa tumbo. Ukisimama hapo tutakukuta kesho."

Nikalala na shati langu la kazi, nikajiburuta kama kenge mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Wakacheka mpaka wengine wakaweka vikapu chini. Viatu vilibaki humo. "Usivisikitikie," akasema mwingine, "waache kaa nao wavae."

Yule mrefu ndiye Bi Mwanahamisi. Alikuwa akichimba kombe, akifinyanga vyungu na mitungi, na kuteka maji kama wanawake wote wa pale. Makosa niliyoyafanya Mikokoni niliyafanya kwa kutomsikiliza yeye, na mtu niliyemuumiza kuliko wote alikuwa mume wake. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani ninawasimulia ushujaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mikokoni kilikuwa kitongoji kidogo kaskazini ya mji wa Bagamoyo, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli ukiwa na nguvu. Juu kidogo ya kijito palikuwa na ghala la shamba moja la minazi na ng'ombe. Mwenyewe alikwisha ondoka zamani, akaacha mapipa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Dawa za wakati ule zilikuwa na aseniki, sumu isiyooza wala kuchakaa. Mapipa yakala kutu, mvua za masika zikaisukuma dawa mpaka kijitoni. Waliotangulia kuona cha moto ni mabata. Mabata sita wa nyumba moja walikwenda kijitoni asubuhi, na adhuhuri wakaokotwa shingo zimepinda. Halafu mbuzi wawili.

Mimi sikutishwa na mabata. Nilitishwa na ukimya. Mahali penye mikoko hapanyamazi maji yakikupwa: kaa wanagonga, tope linatoa mapovu, kuna sauti ndogondogo kama ya mafuta yanayokaanga. Mbele ya lile ghala hapakuwa na sauti yoyote. Unatembea hatua ishirini kelele zipo, ya ishirini na moja zimekatika kama umeingia chumbani na kufunga mlango. Mpaka leo nikifika penye mikoko husimama kwanza nikasikiliza.

Mkemia alikuja kutoka Dar es Salaam, akachukua tope kwenye chupa, akarudi baada ya siku kadhaa na maagizo. Sumu hii haielei, alisema, imeshikamana na tope. Lizoeni tope la juu, kina cha mkono mmoja, mkalizike mahali ambapo maji ya bahari hayafiki wala maji ya kunywa hayapiti. Shimo litandikwe udongo wa mfinyanzi chini na pembeni, litiwe chokaa, kisha lifunikwe kwa udongo huohuo juu.

"Umeandika chini na pembeni?" akaniuliza.

"Nimeandika, mzee."

Na kweli nilikuwa nimeandika.

Kazi yenyewe sikufundishwa na mkemia. Nilifundishwa na Fundi Abdala, mzee aliyekula umri wake kwenye mashamba ya chumvi. Alikuwa na jino moja la mbele na maneno ya kujaza midomo mitatu. Yeye ndiye aliyenizuia nisianze kuchimba wakati wa bamvu, yaani zile siku bahari inapojaa kuliko kawaida. "Maji ya bamvu yanakuja na nguvu," akasema. "Wewe unalivuruga tope, yenyewe yanalibeba kwenda kwenye kombe za watu. Ngoja maji mafu, bahari ikiwa mvivu." Tukangoja. Alitufanya tujenge uzio wa fito na magunia ya katani kukatisha kijito, mmoja nyuma ya mwingine, ili tope jepesi linaloelea linaswe. Tukaanzia ghalani kushuka chini, maana ukianzia baharini utarudi kukanyaga ulikosafisha. Hayo yote hayamo katika kitabu chochote nilichosomeshwa.

Nami nilikuwa na yangu ya kijinga. Niliagiza mapakacha hamsini yasukwe, nikijisifu kwamba natumia vitu vya palepale. Safari ya kwanza tu, njia nzima kutoka kijitoni ikawa na michirizi ya kijivu, maana pakacha linavuja. Fundi Abdala akaiangalia njia, akaniangalia mimi.

"Bwana Afya, unazoa sumu au unapanda mbegu?"

Tulikwangua njia nzima kwa majembe, siku mbili, kisha tukaenda kutafuta makarai. Karai nalo lisijazwe. Nusu yake inatosha. Mikono ipakwe mafuta ya nazi kabla ya kazi, isishike sigara wala chakula mpaka ioshwe kwa sabuni. Mkiyashika haya mtazeeka na vidole vyenu.

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya karai kuinuliwa palikuwa na kikao.

Nyinyi siku hizi mna neno refu, ushirikishwaji, na mna fomu zake. Sisi tuliambiwa tu: usianze mpaka wananchi wakubali. Nikaenda kuzungumza na wananchi kwenye baraza ya msikiti baada ya swala ya alasiri. Wanaume wakaja, karibu wote. Wanawake hawakukaa pale, haikuwa desturi. Mwanamke mwenye neno lake alimpa mumewe au kaka yake, naye akisimama husema, "Nimetumwa neno." Na hakusema ametumwa na mkewe. Alisema "nyumbani wanasema." Ilikuwa desturi ya adabu, ila vijana wa wakati ule walikwisha anza kuifanyia mzaha.

Jambo la kukubaliana lilikuwa ni wapi tulizike tope. Palikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa mbali, barani, upande wa kuelekea Fukayosi kwenye udongo mzito, na huko kungehitaji lori la wilaya, ambalo leo lina tairi kesho halina. Nyingine ilikuwa shimo la zamani la wachoma chokaa, pale pale Mikokoni, walikochimba mawe ya matumbawe. Shimo lilikuwa tayari na lilikuwa karibu. Kila mtu alilitaka, na mimi nililitaka kuliko wote, kwa sababu mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesema atakuja kukagua kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Tulipokuwa tunakaribia kumaliza, Mzee Ngwali akasimama. Huyu ndiye mume wa Bi Mwanahamisi: mtu mfupi, mpole, kofia yake ya kufuma imesafishwa mpaka nyuzi zimekuwa nyembamba.

"Nimetumwa neno," akasema.

"Na nani tena?" kijana mmoja akadakia, na watu wakaanza kutabasamu.

"Nyumbani wanasema lile shimo linapumua. Siku za bamvu chini yake hulowa, hata kama hakuna mvua. Na siku hizohizo visima vyao vya maji ya kunywa hupanda. Wanasema ni maji mamoja."

Visima hivyo vilikuwa vinne, vifupi, hatua kama mia kutoka pale shimoni. Wanaume hawakuviendea. Hakuna mwanamume aliyejua kamba ya ndoo inalowa mpaka wapi siku gani. Nilipaswa kuweka kalamu chini na kuuliza. Badala yake nikataka kuwafurahisha watu.

"Mzee Ngwali," nikasema, "kama shimo linapumua, basi tulitafutie mume, lisilale peke yake."

Baraza ikalipuka. Mtu akapiga goti lake kwa kofi. Yule kijana akaongeza, "Mume si Ngwali mwenyewe, amezoea kutumwa!" Wakacheka tena. Mzee Ngwali naye akacheka kidogo, akaiweka sawa kofia yake ambayo haikuwa imekaa vibaya, akaketi.

Hatukuwa watani mimi na yeye, na umri wake ulikuwa wa baba yangu. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo saa ileile, naye akaniitikia marahaba kwa moyo wake wote. Nikafungua daftari nikaandika muhtasari: wananchi wote wamekubali shimo la chokaa. Nilipiga mstari chini ya "wote".

Kesho yake aliyefika wa kwanza na beleshi begani kuja kujitolea ni Mzee Ngwali.

Tulichimba siku zote za maji mafu, tukapumzika bamvu, tukarudi tena. Watu walifanya kazi kwa nguvu na kwa nyimbo, nisiwasingizie. Udongo wa mfinyanzi ulikuja kwa lori kutoka barani mara tatu, kisha lori likalala bovu. Uliokuwapo ulitosha kutandika chini ya shimo au kufunika juu. Si vyote viwili.

"Juu," nikaamua.

"Na chini?" akauliza Fundi Abdala.

"Chini ni mwamba, Fundi. Mwamba ni mwamba."

"Jiwe la matumbawe hili? Lina matundu kama mkate wa kumimina."

"Tutaongeza chokaa."

Akainua karai lake. Alikuwa kibarua wangu, na mimi nilikuwa Bwana Afya. Niseme ukweli wangu wote hapa: nilichagua juu kwa sababu mkubwa angekanyaga juu. Alikuja, akakanyaga, akaruka mara mbili kuona kama panabonyea, akanipa mkono. Wiki ileile nikapata barua ya pongezi. Kijitoni kaa walikuwa wameanza kurudi.

Miezi miwili baadaye, siku ya Alhamisi, nilikwenda Mikokoni peke yangu kuangalia kazi yangu. Ilikuwa bamvu kubwa, jua kali, mvua hapana kwa wiki kadhaa. Nikaona ukingoni mwa kile kifuniko cha udongo pamepasuka, na kwenye ufa panang'aa maji ya kijivu. Nikadhani nimeona vibaya. Nikakata ufito, nikauchomeka kwenye ufa, nikautoa. Umelowa. Nikaweka alama kwa ukucha pale maji yalipofika, nikauchomeka tena, nikachuchumaa. Kwa mbali nilisikia bahari ikijaa. Nilipoutoa mara ya pili maji yalikuwa yamepita alama yangu vidole vinne.

Nilibaki nimechuchumaa na ule ufito mkononi. Lile shimo lilikuwa linavuta pumzi mbele ya macho yangu, kama nilivyoambiwa, na hatua mia moja kutoka pale nilisikia wanawake wakiteka maji na kuchekeana.

Nikaenda. Wakanipisha. Maji ya visima yalikuwa yamepanda, masafi, unaona mpaka mchanga wa chini. Hiyo ndiyo sumu ninayowaonya juu yake: haina rangi, haina harufu, na chai ya maji yale ni tamu kama nyingine yoyote. Nikajaza chupa nne, moja kwa kila kisima. "Unatuibia maji, Bwana Afya?" mmoja akatania. Nikacheka naye. Nikafunga chupa, nikapanda baiskeli, nikaondoka.

Nilipaswa kupiga kelele pale pale. Nilipaswa kuzipiga teke ndoo zao.

Chupa nilizipeleka mwenyewe Dar es Salaam kesho yake. Mkemia akasema majibu yatachukua siku. Nami nikajiambia maneno ambayo kila mwoga wa kazi hii atajiambia: tusiwatie watu hofu bure, pengine ni safi, tungoje kipimo. Lakini sikuwa nawafikiria watu. Nilikuwa nafikiria barua ya pongezi na lile neno nililolipigia mstari.

Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, nilikwenda Mikokoni kila siku kwa visingizio. Nilikuwa nawatazama watu. Mtu akikohoa, nilishtuka. Mama mmoja alikaa kivulini ameshika tumbo, nikasimama barabarani sikuweza kusogea mpaka nilipoona ananyonyesha tu. Niliangalia viganja vya watu walionipa mkono, kama ngozi inababuka. Na Mzee Ngwali, nilipomwamkia Jumatatu, akaniambia kama mtu anayesimulia jambo dogo: "Miguu yangu siku hizi inawaka, mwanangu. Nikikanyaga chini naona kama nakanyaga pamba."

"Ni uchovu, mzee," nikasema.

Jumanne Bi Mwanahamisi alinikuta napita mbele ya nyumba yao.

"Kila siku unapita, huketi. Tumekukosea nini? Karibu."

Nikaketi barazani. Mzee Ngwali alikuwa amelala ndani. Bi Mwanahamisi akainama kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akaja kunikabidhi kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa. Maji yakawa yanacheza kwenye ile kata. Sikuweza kunyanyua mkono.

"Nimefunga," nikasema.

Akabaki ameishika.

"Leo Jumanne, Bwana Afya."

Wanaofunga suna hufunga Jumatatu na Alhamisi, kila mtu anajua. Ningeweza kusema nalipa siku zangu za Ramadhani. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimtazama usoni nikaona amekwisha elewa. Aliyatazama maji, akanitazama mimi. Akayamwaga chini polepole. Kisha akarudi kwenye mtungi, akaukumbatia, akauinamisha wote mpaka ukakauka. Maji yalipita miguuni mwangu.

"Umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi." Alitamka kila herufi. "Ngwali anakunywa mtungi huu tangu Alhamisi, na wewe unapita hapa kila siku unamwambia shikamoo."

Akajitanda kanga yake. "Simama. Twende kisimani. Utasema kwa mdomo wako."

Nikasimama mbele ya wanawake kama ishirini, nikasema: tope linavuja, sikutandika chini, niliambiwa nikacheka. Nilitegemea wapige yowe. Hawakupiga. Walikaa kimya kile kimya nilichokijua, cha mbele ya ghala. Halafu mmoja, yule wa kaa na viatu, akasema:

"Sasa je, Bwana Afya, tulale kwa tumbo?"

Hakuna aliyecheka.

Kisha wakaanza kuzungumza, na mimi kwa mara ya kwanza nikaandika kila nilichosikia pamoja na jina la aliyesema. Visima vyote vinne vifunikwe miiba sasa hivi. Maji yachotwe kitongoji cha pili, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, hakuna namna. Na tope litolewe kwenye lile shimo. Lipelekwe wapi? Hapo wakabishana. Palikuwa na mashimo mawili ya mfinyanzi kwenye mwinuko, moja kuukuu na moja jipya, walikochimba udongo wa vyungu, nami sikuwahi kuyaulizia. Bi Mwanahamisi alisema shimo kuukuu likijaa maji ya masika hubaki hivyo hivyo mpaka jua liyanywe, hayatoki chini wala pembeni. Ameyaangalia tangu anaolewa.

"Ukitia sumu humo, udongo umekufa," mwingine akamjibu. "Tutafinyanga kwa nini? Kwa mate?"

"Litabaki jipya."

"Jipya lina mchanga."

"Basi tutafinyanga kwa mchanga. Unataka ufinyanzi au unataka watoto?"

Wakalitoa shimo lao. Yule mbishi akanigeukia: "Tunalitoa kwa sababu hatuna pengine. Usidhani tumekupenda."

Majibu ya mkemia yalikuja siku mbili baadaye. Visima viwili kati ya vinne vilikuwa na sumu. Tukarudi kazini maji mafu yaliyofuata, tukafukua yote tuliyofukia, safari hii makarai nusu, wanawake wamesimama ukingoni wakiangalia kila tone. Mkubwa wangu alinikaripia kwa barua fupi. Sikufukuzwa. Watu hunisikia nikisema hivyo wakadhani nilinusurika.

Vijana, nitawapa machache kisha nimalize. Anayekunywa maji aulizwe yeye mwenyewe, mahali anapoyateka, saa anapoyateka. Msiandike "wote" kama hamkuwaona wote. Mtu akileta neno alilotumwa, msimtazame aliyelileta, litazameni neno. Na mkiogopa, semeni siku ileile mnapoogopa, kabla ya kipimo. Kipimo kitakuja kuwaambia kama mlikuwa na haki ya kuogopa. Hakitarudisha maji yaliyokwisha nywewa.

Mzee Ngwali hakupona miguu. Daktari alisema huenda ni sumu, huenda ni ugonjwa mwingine, na kama ni sumu hakuweza kusema ni ya kisimani au ya kazini. Nilikuwa na jozi sita tu za gambuti, nikawapa vijana kwa sababu ndio waliolalamika. Mzee Ngwali alichimba miguu mitupu. Kwa hiyo kokote sumu ilikotoka, ilipitia kwangu. Zile siku tano nimezipima maisha yangu yote na sijui uzito wake. Pengine hazikuongeza kitu. Pengine ndizo zilizomaliza.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa ameketi kitandani, miguu ameifunika shuka.

"Radhi yangu unayo zamani," akasema. "Lakini siku ile sikuwa nasema mimi. Nilitumwa. Nenda uani."

Uani Bi Mwanahamisi alikuwa anafinyanga, mikono ya kijivu mpaka viwikoni, na udongo ulikuwa ule wenye mchanga, nilisikia ukikwaruza. Nikasema niliyokuja kusema. Hakusimamisha mikono.

"Ngwali hajaikosa Ijumaa tangu nimjue," akasema. "Siku atakayokwenda msikitini kwa miguu yake, njoo uchukue radhi yako. Sitakunyima."

Nikawa nakwenda. Kila nilipopata kazi ya upande ule, na hata nilipokuwa sina, nilipanda baiskeli Ijumaa nikasimama mbali na ile baraza niliyochekea, nikamtafuta kwa macho kati ya watu wanaoingia. Miaka miwili na zaidi. Wakati mwingine aliletwa na wapwa zake wamemshika huku na huku, ncha za vidole zikiburuta, na mimi nikageuza baiskeli.

Alifariki msimu wa vuli. Nilipata habari asubuhi, nikawahi. Alikwenda msikitini mabegani mwa watu, na bega moja lilikuwa langu. Alikuwa mwepesi. Baada ya maziko nikasimama nje ya nyumba, nikaambiwa mjane ameingia eda, haonani na wanaume wasio wake kwa miezi minne na siku kumi. Nikasema nitakuja ikiisha.

Mwezi wa tatu wa eda nikahamishiwa Lindi. Eda iliisha, na nauli nilikuwa nayo, na likizo nilikuwa nayo. Niliogopa. Sikurudi.